Mwongozo kwa Aliyerithi Kasha la Kanga

Hitima ya arobaini imekwisha, masufuria yamerudishwa kwa wenyewe na turubai limekunjwa. Sasa umeitwa ukumbini, umekabidhiwa ufunguo wa kasha la marehemu, na umeambiwa kwamba uwanja wa nyuma nao utauangalia wewe. Kaka zako wanakutazama kwa huruma. Wao wamepata nyumba. Wewe umepata, kwa maneno yao, vitambaa na magugu. Usiwajibu. Pokea ufunguo, sema ahsante, kisha usome mwongozo huu kabla hujagusa kitu, maana umeshaandikwa kazi na hakuna aliyekutajia saa ya kutoka.

Aliyeniandika kazi mimi ni shangazi yangu wa Ngamiani, Tanga. Alikuwa mjane wa siku nyingi, hakujaaliwa mtoto, na ndugu zake wote walimtangulia. Kwa mirathi ya Kiislamu mtu wa hali hiyo hurithiwa na watoto wa kiume wa kaka zake, kwa kuwa ndio asaba. Mabinti wa kaka hatumo. Shangazi alilijua hilo vizuri kuliko sisi. Alijua pia kwamba sheria hiyo hiyo inamruhusu mtu kumuusia asiyekuwa mrithi wake mpaka theluthi moja ya mali. Basi akamwita shekhe, akaweka mashahidi wawili, akaniusia mimi kasha na vilivyomo pamoja na kila kilichoota nyuma ya nyumba. Ardhi yenyewe ikabaki kuwa ya kaka zangu. Kwetu bado tunabishana kama ule ulikuwa usia au uchokozi.

Mtaani alijulikana kwa mambo mawili. Kwanza, alikuwa somo: wari wengi wa Ngamiani walipita mikononi mwake kabla ya kwenda kwa waume zao. Pili, hakupita duka la kanga bila kuingia, wala hakupita ua la mtu bila kuomba tawi. Asubuhi ungemkuta bustanini amejifunga kaniki, jioni ungemkuta barazani na doti mpya, na mikono yake ilinukia udi na samadi kwa pamoja. Mtu wa namna hiyo akifa, watu husema ameacha nguo na maua. Kauli hiyo ndiyo inayowaponza warithi.

Kabla hujafungua

Usifungue kasha peke yako. Kasha la pwani, lile la mbao ngumu lenye njumu za shaba, lina kijaluba pembeni, na baadhi yake yana droo ya siri chini ya kijaluba hicho. Watu wote wanaijua droo ya siri. Ukifungua peke yako, kabla ya adhuhuri mtaa mzima utakuwa umesikia kwamba umekuta dhahabu. Waite wanawake wawili: mmoja aliyempenda marehemu, mwingine aliyekuwa hapatani naye. Yule wa pili ni muhimu zaidi. Aliyempenda atalia na kukwambia kwamba kila nguo ilimpendeza. Hasimu wake atakwambia ile ya zambarau ilinunuliwa lini, kwa harusi ya nani, na nani alikuwa hajalipwa.

(Katika droo ya siri ya shangazi tulikuta karafuu, sindano, na risiti ya cherehani aliyoiuza zamani. Nimeitangaza orodha hii mara nyingi. Hakuna aliyeiamini.)

Kitakachokushangaza mwanzo ni wingi, na kwamba doti nyingi hazijakatwa. Zimelala kama zilivyotoka dukani, vipande viwili vimeshikana, wanga wa kiwandani haujaguswa na maji. Kijana wa siku hizi ataona ni ubahili. Mkumbushe miaka ya mwanzo ya 1980, tulipopanga foleni kwa ajili ya sukari, sabuni na nguo. Mkumbushe kampeni ya mwaka 1983 dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, wakati wenye maduka walipoificha bidhaa hata kwa wateja wao wenyewe. Mwanamke aliyewahi kukosa kanga ya kumfunika mzazi hawezi tena kuiona doti ya ziada akaiita ya ziada. Maduka yalipojaa upya, mkono wake ulikuwa umeshazoea kununua mbili: moja ya kuvaa, moja ya siku isiyojulikana. Zile ambazo hazijakatwa ni za siku hiyo.

Halafu utakuta vipande pweke. Hapa warithi wengi huharibu. Kipande kimoja cha kanga, safi, kimekunjwa kwa heshima, wala mwenzake humwoni kwenye kasha zima. Utadhani kimepotea au kimechakaa, ukifanye kitambaa cha meza. Usifanye hivyo. Pwani yetu marafiki wawili hununua doti moja wakaigawana, kila mmoja upande wake, na siku ya shughuli wakatoka sare. Kipande pweke kilichotunzwa ni ushahidi kwamba mahali fulani yuko mwanamke mwenye kipande cha pili, na yamkini anangoja kuona kama wenye nyumba wanalijua hilo. Mtafute. Mwenye nusu mojawapo ya shangazi tulimkuta ni mwuza samaki wa Deep Sea, mtu ambaye hakuna hata mmoja kwetu aliyewahi kumwona akiingia sebuleni. Alipoonyeshwa kipande, aliuliza tu kwa nini tumechelewa.

Usijaribu kukisia umri wa kanga kwa rangi. Zipo dalili nyingine, ingawa nazo ni za kuangaliwa kwa hadhari. Maandishi madogo ya K.H.E. na Mali ya Abdulla yanakwambia kwamba umeshika kazi ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, nyumba ya biashara iliyoanza mwaka 1887. Hayakwambii mwaka wa kanga, kwa sababu wameyachapa muda mrefu sana. Kanga ya Urafiki haiwezi kuwa ya kabla ya 1968, mwaka kiwanda hicho cha Ubungo kilipofunguliwa kwa msaada wa China. Yenye sura ya Barack Obama na maneno ya hongera ni ya 2008, na hapo huna haja ya kumwuliza mtu. Shangazi aliinunua hiyo kwa furaha na hakuivaa hata siku moja. Alisema hawezi kumkalia mtu usoni, tena rais.

Ukikuta kisutu, ile ya wekundu, weusi na weupe, funika kasha kwanza uulize. Kisutu ni ya bibi harusi. Yaweza kuwa yake mwenyewe, yaweza kuwa ya mwari aliyemfunda, na yaweza kuwa amewekewa binti ambaye hajachumbiwa wala hajui kwamba anangojwa.

Harufu

Sasa utainusa nguo. Kila mtu hufanya hivyo, na kila mtu hulia, nami sina cha kumwonya mtu hapo. Nitaonya juu ya kinachofuata: hamu ya kufunga kasha upesi ili harufu isitoke.

Harufu ile haikuwa ya mwili wake. Ilikuwa kazi. Kila baada ya muda alitoa kanga zote, akazianika kivulini, si juani, akazikunja upya pasipokuwa na mkunjo wa zamani. Chetezo aliliweka chini, akafunika tenga juu yake, akatandaza nguo juu ya tenga na kuziacha zinywe moshi wa udi. Kisha zilirudi kashani pamoja na karafuu na vitumba vikavu vya asumini. Ukilifunga kasha ukaliacha, unachohifadhi ni mabaki ya mara ya mwisho alipofanya kazi hiyo, nayo yanapungua kila mwezi huku mende wakiingia. Pamba iliyolala kwenye mkunjo mmoja miaka mingi huanza kukatika palepale kwenye mkunjo. Nimeona kasha la familia nyingine lililofungwa kwa mapenzi namna hiyo. Walipolifungua kwa ajili ya harusi ya mjukuu, kanga ziliachana vipande vinne vinne, vimenyooka vizuri kana kwamba fundi amezipitishia mkasi.

Basi fukiza. Harufu itakuwa ya udi wako, kwa kiasi chako, na mwaka wa kwanza itakuudhi kwa sababu haifanani na yake. Endelea.

Kwa zile mpya utakazoamua kuzikata: kata katikati, piga pindo, loweka kwenye maji ya chumvi, na ufue peke yake mara za mwanzo. Asiyekuwa na subira ya kufua peke yake huwa na shuka za rangi ya waridi nyumbani.

Jina

Hapa ndipo watu hupata majeraha.

Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Asiyejua hutazama pindo na mji, akapenda rangi, akajifunga, akatoka. Hajasoma alichojiandika mgongoni. Kanga za marehemu zilinunuliwa na mtu mwenye marafiki, mahasimu, mawifi na majirani, na kila jina lilikuwa na anwani. Wewe huzijui anwani. Zenye majina ya kumshukuru Mungu, vaa. Yenye kusema "Nani kama mama", vaa, ila si mbele ya mama wa kambo. Zilizobaki ziulizie kwanza kwa yule hasimu uliyemwita siku ya kufungua.

Binamu yangu, mtoto wa chuo, mpole kabisa, alichukua doti moja ya shangazi akaivaa kwenye maulidi ya jirani wa nyuma. Ilisema "Hasidi hana sababu". Yeye aliipendea maua ya pembeni. Alipoingia, wazee watatu waliacha kumenya vitunguu. Jirani yule na shangazi waliwahi kugombana kwa ajili ya tawi la mlangilangi lililokuwa likidondosha maua upande wa pili wa ukuta, na kanga ile ndiyo ilikuwa neno la mwisho la shangazi kabla hajaugua. Binamu alipewa biriani kama wengine. Lakini Ijumaa iliyofuata jirani alipita mbele ya nyumba yetu, taratibu kuliko mwendo wake, na doti mpya. Alichokuwa ameandikwa sitakitaja. Kilikuwa kizuri sana, na kilikuwa kimengojea mtu wa kukisoma.

Nilikwenda kumwomba radhi kwa niaba ya mtoto. Akanikaribisha kahawa. Kati ya yote niliyoyasikia arobaini nzima, hakuna aliyemwelezea shangazi yangu kwa usahihi kama alivyomwelezea mwanamke huyu aliyekuwa hapatani naye: alivyobishana bei, alivyogeuza kanga kutazama kama rangi imepenya upande wa pili, alivyokuwa hawezi kuona kichipukizi kimeinama asikiwekee kijiti, hata kama ni cha adui. Ukitaka kumkumbuka mtu wako, tenga muda kwa ajili ya hasimu wake. Peleka sukari.

Watakaokuja

Watakuja wa aina mbili, wa daftari na wa bakuli.

Wa daftari ndio wa hatari. Shangazi alikuwa na daftari la shule, jalada limechanika, limeandikwa majina na doti. Nilidhani ni mapato. Ni kumbukumbu za kutunzana: harusi ya fulani alitoa doti mbili, ya kwake fulani alileta moja, amebakiwa na moja. Mwanamke wa pwani anaweza kusahau aliyemkopesha fedha, ila doti alizopeleka kwenye harusi ya mtu anazikumbuka mpaka rangi. Nusu ya daftari ni watu wanaodaiwa. Nusu ya pili ni watu wanaomdai yeye, na sasa wanakudai wewe. Nilimwuliza shekhe kama doti isiyorudishwa inahesabiwa kuwa deni la kulipwa kabla ya mirathi, maana deni hutangulia. Alicheka. Halafu akasema anihakikishie kesho, na kesho yake alirudi bila kicheko: mkewe alimwambia ni deni, na kwamba jina lake mwenyewe limo daftarini.

Kwa hiyo zile ambazo hazijakatwa, ulizodhani utazihifadhi ziwe ukumbusho, zina wenyewe. Zitatoka moja moja, harusi kwa harusi. Zitoe. Kanga inayotembea mjini na kutajwa kwamba imetoka kwa marehemu inafanya kazi kubwa kuliko ile unayotaka kuitia fremu na kioo. Fremu pia nimeiona, ukutani kwa mtu mwenye uwezo, imetundikwa jina likiwa juu chini.

Na wenye wazo la kuchapisha fulana zenye picha ya marehemu kwa ajili ya mwaka wake, waambie alichukia fulana.

Wa bakuli ni watoto. Wao huja alasiri, husimama mlangoni, husema "Hodi, mama ametuma asumini." Hawana habari kwamba mwenye nyumba amefariki, au wanayo na hawaoni inahusiana vipi na asumini. Mtoto wa kwanza alikuja siku ya nne ya msiba. Kaka yangu alitaka kumfukuza. Ndipo tukaingia bustanini.

Mimea ambayo si magugu

Anayetazama kwa jicho la mjini huona kichaka, kichaka, mti, mwiba na majani. Kaka zangu walipotoka nyuma kwa mara ya kwanza wakiwa wenye nyumba, waliona mahali pa kuegesha gari. Wakaanza kutaja pevingi.

Basi fuata mwongozo, ukianzia karibu na bomba. Kichaka kilichoinama ni mwasumini. Vitumba vyake huchumwa alasiri vikiwa vimefumba, kwa sababu hufumbuka usiku. Ukingoja asubuhi utaokota vilivyolegea. Huchanua kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo mkasi hauuumizi. Unaoumia ni ule ulioachwa kwa heshima. Mwasumini usiokatwa wala kuchumwa unakuwa na majani mengi na maua ya kuhesabu, na mwenyewe hubaki kusema kwamba mti unamlilia marehemu. Haumlilii. Unataka mkasi.

Mrehani uko kila mahali, umejiotea wenyewe, na hao watoto wa bakuli wataumaliza. Usiwe na wasiwasi. Ukiona mmoja umekauka, sugua masuke yake juu ya udongo uende zako.

Ukutani, mrefu kuliko wote, ni mlangilangi, chanzo cha vita vya nchi jirani. Ukiachwa utapita paa, na maua yake yatakuwa ya kunguru. Shangazi alikuwa akikata kilele ili matawi yainamie mkono wa mtu mfupi. Ua huchumwa likishageuka kutoka kijani kuwa manjano. La kijani halina kitu. Tawi lile la ugomvi bado liko upande wa pili wa ukuta. Nimeamua kuliacha. Mwanamke mwenye umri ule anahitaji sababu ya kununua kanga.

Chenye miiba kwenye kona, kilichomchana kaka yangu suruali, ni mkadi. Wenye majani makali pembezoni ndio huo huo wenye kunukia, na kinachonukia ni ua la mti dume. Usiusogeze. Umewekwa pale kwa ajili ya wezi.

Mhina unapenda kukatwa kuliko yote. Majani hukaushwa kivulini, hutwangwa, huchekechwa kwa kitambaa chepesi. Watakuja wenye harusi kuulizia, na baadhi yao watataka uwachanganyie na piko ili iwe nyeusi upesi. Shangazi alikuwa akiwafukuza. Rangi ile ya nywele imewababua ngozi mabibi harusi wengi, na yeye aliyaona malengelenge kwa macho yake akiwa kazini.

Kisha mtambuu, uliopanda juu ya mpopoo. Hapa simama kidogo. Tazama umefungwa kwa nini. Ni vipande vya kanga, vyembamba, vimesokotwa. Kwetu kanga haifi siku moja. Huanza kuwa ya kutokea, ikashuka kuwa ya ndani, ikawa mbeleko, ikawa ngata ya kubebea ndoo, ikawa ya kushikia sufuria, ikawa ya deki. Kwa shangazi iliendelea hatua moja zaidi: ilikatwa utepe ikafunga mmea. Kwenye baadhi ya tepe hizo herufi bado zinasomeka. Nimekuta "subira" kwenye kijiti cha mkomamanga na nusu ya "wivu" kwenye mtambuu. Ukitaka kujua alivaa nini mwaka ambao hakuna picha, zunguka bustani. Ila tepe zikikaza shina zilegeze. Alikuwa akizilegeza kila masika, na shina lililosongwa halijali kwamba linasongwa na kumbukumbu.

Mwisho, kivulini, ule mti mdogo ambao hata mimi nilikuwa siujui mpaka aliponionyesha: mkilua. Ni mti wa misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt alipouandika rasmi mwaka 1970 aliuita *Mkilua fragrans*, akaliacha jina la wenyeji lisimame lilivyo. Maua yake hayavutii jicho. Mtu huyapita, kisha hurudi nyuma akitafuta nani amepita na manukato. Asumini, mrehani, kilua na kipande cha mkadi vikitungwa pamoja ndicho kikuba, na wanawake wa mtaa wetu wakisema "kikuba cha Somo" hawana maana ya kingine. Hukipati dukani.

Haya ndiyo niliyojaribu kuwaeleza kaka zangu. Walinisikiliza, wakanijibu kwamba ardhi ni yao na mimea ni yangu, kwa hiyo niihamishe. Kisheria walikuwa na hoja. Nilileta makopo. Nikaanza na mrehani, polepole, mchana, mbele ya watu. Siku ya tatu mke wa kaka yangu mkubwa aliuliza ni wapi watachuma kwa ajili ya harusi ya binti yake mwezi wa Shaabani. Mumewe akasema siku hizi kuna maua ya plastiki. Sikuwapo alipoyasema hayo, lakini sauti ya mke wake ilisikika mpaka barabara ya pili. Pevingi zilitandikwa kutoka getini mpaka kwenye bomba, zikasimama hapo.

Maji: ya kuoshea mchele yaende kwenye mwasumini, ya samaki kwenye mlangilangi, ya sabuni yasiende popote isipokuwa mtaroni. Samadi ya mbuzi, iliyolala. Ukiwa na haraka ya kuweka samadi mbichi, utaunguza mizizi.

Jamaa wa Maskati

Kila familia ya pwani ina jamaa Oman, na huyo atapiga simu akilia, akiomba kipande kimoja tu chenye harufu ya shangazi. Mpelekee. Kifukize usiku wa kuamkia safari, kitie karafuu, kifunge kwenye bati la biskuti. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku tangu Juni 2019, na hata hivyo bati hushika harufu vizuri. Ataomba na tawi la mwasumini. Mwambie aununue huko huko, upo tele. Kisha mpe orodha ya madeni ya daftarini yaliyo upande wake. Simu zitapungua.

Masika huanza Machi. Mvua ikishashika, nitakuwa nakata mwasumini, mhina na mlangilangi, na matawi yote nitakayokata ni ya kugawa. Anayetaka aje alasiri na kopo lenye udongo wake mwenyewe, na kitambaa chake cha kufungia. Wenye doti za kurudisha waje nazo, daftari liko wazi. Mkilua siutoi, msiniombe.